Siku Jeneza Liliponipisha

Jumatano, Nachingwea. Asubuhi kulikuwa na baridi ile ya mwezi wa saba, ya kuvaa soksi kabla hujafungua dirisha. Mchana jua likawaka kweli kweli. Sasa ni jioni, upepo umetulia na harufu ya salfa imebaki, maana wiki hizi kila mwenye mikorosho anapulizia dawa. Nguo nilizoanika uani zimepata vumbi la njano na koo linawasha.

Niko peke yangu chumbani. Si habari mpya.

Nina wasomaji kumi na wawili humu, na nina wasiwasi kwamba wawili kati yao ni mimi mwenyewe nikifungua kwa simu ya jirani. Ndiyo maana naandika bila kujibana. Mama hasomi blogu. Mjomba hasomi blogu. Kocha wangu hajui Kiswahili. Basi ngoja niseme.

Kwa aliyeingia leo kwa bahati mbaya: mimi ni mwendesha baiskeli wa mashindano ya barabarani, na ndiyo kazi yangu, sina nyingine. Nina miaka ishirini na miwili. Alhamisi ya wiki ijayo nasafiri kwenda nje kujiunga na timu iliyonisajili. Nyumbani kwetu ni Nandagala, wilaya ya Ruangwa, lakini nimepanga chumba hapa Nachingwea kwa sababu mtandao unashika vizuri, kila siku natuma takwimu za mazoezi kwa kocha. Sababu nyingine ni kwamba nyumbani huwezi kulala mchana bila watu watatu kuja kuuliza unaumwa nini.

Huku kwetu mchezo ni mpira. Siku ya mechi watu wanatoka mpaka kule machimboni Namungo, wengine bado na udongo wa shimoni kwenye viatu. Nikisema mimi ni mwanamichezo, swali la kwanza ni "Unacheza namba ngapi?" Nikisema baiskeli, wananitazama mapaja, wanaitazama baiskeli, halafu wanauliza keria iko wapi. Hawaelewi, na siwalaumu. Baiskeli haina keria, haina madigadi, haiwezi kubeba hata debe la maji. Mtu mzima anaipanda alfajiri, anakwenda mbali, anarudi saa sita mikono mitupu. Bibi mmoja wa Matambarale aliwahi kunisimamisha.

"Mjukuu wangu, huko unakokwenda kila siku unafuata nini?"

"Mazoezi, bibi."

"Haya. Umeyapata?"

Nilicheka njia nzima siku ile. Leo nikilikumbuka swali lake sicheki.

Nilianzia kwenye keria kama kila mtu. Baada ya kumaliza Form Four nilikuwa nabeba magunia ya ufuta kutoka mashamba ya Matambarale mpaka ghalani, baiskeli ya chuma, gunia moja kwenye keria na jingine limelazwa katikati ya fremu, miguu nimeitanua kama chura. Aliyekuwa akiitengeneza baiskeli ile ni Fundi Bakari, ambaye banda lake liko kando ya barabara pale Nandagala, hatua chache kutoka kwa Mama. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kofia yake ilikuwa na mafuta mengi ya mnyororo kuliko baiskeli za wateja. Ukimpelekea ringi iliyopinda, anaizungusha karibu na shavu lake, amefumba macho, anasikiliza mahali inapogusa. Kisha anakaza spoki moja, nusu mzunguko, anaizungusha tena. Sijaona mtu mwingine akifanya hivyo, na sasa nimeshaona mafundi wa timu wenye mitambo ya kila namna.

Siku wilaya ilipotangaza mbio za baiskeli, yeye ndiye aliyeniambia niingie. Akaitoa keria yangu kwa spana namba kumi, akatoa na madigadi, akavitundika kwenye msumari bandani. "Vitakusubiri hapa," akasema. Nikashika nafasi ya kwanza. Mwaka uliofuata nikashinda mkoani, nikaitwa kambini, nikapewa baiskeli nyepesi ambayo Fundi Bakari aliinyanyua kwa vidole viwili akasema, "Hii ukipiga chafya inaondoka." Kisha nikapata kocha, nikapata timu. Nimepanda haraka. Watu wa mbali wananipongeza kwenye simu. Hapa kwetu ni yeye peke yake aliyekuwa akiniuliza mbio zilikuwaje, na akisikiliza jibu mpaka mwisho.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Wiki mbili zilizopita kocha alitaka kipimo. Kipimo chenyewe ni dakika ishirini za kutoa nguvu zote ulizonazo, bila kusimama, bila kupumzisha miguu hata sekunde. Mashine ndogo kwenye usukani inaandika kila kitu. Kocha alikuwa na majina mawili na nafasi moja ya kusafiri. Akaniandikia, kwa Kiingereza ambacho mimi nakijibu kwa Kiingereza changu cha shule ya kata, kwamba kipimo hicho ndicho kitakachoamua. Nikachagua kipande cha lami kati ya Ruangwa mjini na Nandagala, kwa sababu ni laini na nakijua kila kona yake.

Dakika ya kumi na saba nikaona watu mbele.

Lazima niwaeleze wasomaji wa mbali. Huku kwetu ukiwa kwenye baiskeli ukakutana na jeneza linapelekwa makaburini, unashuka. Hakuna anayekufundisha, unakua ukiwaona wakubwa wanashuka. Unailaza baiskeli kwenye majani, unavua kofia kama si ya swala, unaingia kwenye msafara, unatoa bega lako hata kwa hatua kumi. Humjui marehemu? Si kitu. Unabeba, unapokewa, unarudi kwenye baiskeli yako. Hata bodaboda wanazima pikipiki, na bodaboda hawazimi kwa ajili ya mtu yeyote.

Mimi sikushuka.

Niliinamisha kichwa nikapiga kelele, "Njia! Njia jamani!" Wakanipa njia. Waliobeba wakasogea kwenye majani, wakasimama na jeneza mabegani, nami nikapita kwa kasi, nikakata kona ya mbele, nikamaliza dakika zangu tatu.

Kipimo kilikuwa kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufanya maishani. Nilijitupa kando ya barabara nikiwa natapika mate matupu, nikafungua simu nimpe kocha habari. Nikakuta Mama amepiga mara saba. Nikampigia.

"Fundi Bakari amefariki alfajiri," akasema. "Wanaume wametoka sasa hivi kwenda kumzika." Hakuniuliza niko wapi, na nikajua tayari ameshaambiwa nani alipita.

Baadaye akapiga Mjomba Issa, kaka yake Mama. Kwetu sisi mjomba ndiye mwenye kauli juu yako kuliko baba. Mjomba akikasirika huongea Kimwera na maneno yanakwisha haraka kama mvua ya vuli. Siku ile aliongea Kiswahili, taratibu, kile cha kwenye vikao. Alisema, "Mimi nilikuwa chini ya lile jeneza, bega la kulia. Nilikuona." Basi, akakata.

Kesho yake kocha akaandika kwamba nafasi ni yangu.

Jina nalo likanitangulia. Vijana wa kijiweni Ruangwa ndio walioanza: Aliyepishwa na Maiti. Wengine wamelifupisha, wananiita Mpishwa tu. Na methali ya haraka haraka haina baraka nimeambiwa mara nyingi mno mwezi huu, mpaka na muuza vocha, ambaye mwenyewe huwa ananirudishia chenji akiwa anakimbia.

Lakini utani naumudu. Nisichokimudu ni salamu.

Zamani nikipita barabarani ilikuwa kelele mwanzo mwisho. "We Saidi, pita kwa shangazi mwambie mtoto amepona!" "Saidi, Nachingwea unarudi lini, nikupe mzigo?" Nilikuwa nalalamika, najifanya sisikii, hata nilimwandikia kocha kwamba wanakijiji wananivurugia mazoezi. Sasa nikisalimia wanaitikia, kwa sababu salamu lazima ijibiwe. "Salama." Wanaishia hapo. Hakuna habari za huko, hakuna za kazi, hakuna umeamkaje. Hakuna anayenituma kitu. Siku kadhaa nimekimbilia barabara ya kwenda Masasi ambako hawanijui, nikapanda vilima saa nne nzima bila mtu kulitaja jina langu, nikarudi chumbani nikaoga nikala nikalala. Nimekuwa na siku nyingi za namna hiyo. Kama ningeanguka kwenye kona, wa kwanza kujua angekuwa kocha, akiona mstari umekatika kwenye kompyuta yake huko aliko.

Halafu kuna hili, ambalo mpaka leo asubuhi lilikuwa langu peke yangu.

Mama aliwaambia watu kwamba sikuona. Kwamba macho yalijaa salfa, kwamba nilikuwa na miwani ya jua, kwamba mtoto hakuona masikini. Mimi nikaukubali uongo huo. Mjomba alipopiga mara ya pili nikausema mwenyewe kwa mdomo wangu: sikuona, mjomba.

Niliona.

Niliiona ile shuka ya kijani juu ya jeneza. Niliwasikia wakileta tahlili. Nilielewa kabisa ni nini. Nikawaza, zimebaki dakika tatu. Nikawaza, nimevaa kofia ngumu na miwani, hawatanitambua. Kana kwamba Ruangwa yote ina mtu mwingine anayevaa bukta za kubana. Nilichokuwa sijui ni kwamba aliyelala mle ndani ni Fundi Bakari, na nimejitahidi sana kujitetea kwa hilo, ila halinisaidii. Kama angekuwa mtu baki ingekuwa halali?

Leo nilikuwa na kazi ya kocha, vipande vitano vya nguvu, vya mwisho kabla ya safari. Nilipofika njia ya kuingia Ruangwa mjini nikaipita alama ya kuanzia bila kuanza kipande cha kwanza. Nikaendelea mpaka nyumba ya kwanza ya Nandagala, nikashuka. Nikaisukuma baiskeli kwa miguu, na viatu vyangu vya mbio vina vyuma chini, vinagonga lami ko, ko, ko, watu wote wakageuka. Nikasalimia kila baraza. Salama. Salama. Salama.

Mama alikuwa anapepeta mtama. Hakushangaa kuniona. Akaniletea maji, akajifunga kanga nyingine, akasema twende wote kwa Bi Somoe, mjane wa Fundi. Njiani akaniambia kwa sauti ya chini, bila kunitazama:

"Nimekwishamwambia hukuona. Wewe toa pole tu, omba msamaha wa bahati mbaya, turudi. Usiniaibishe mara ya pili."

Nikasema sawa mama.

Bi Somoe yuko eda, kwa hiyo hakai na wanaume wasio ndugu zake. Mama akaingia ndani, mimi nikakaa barazani, katikati yetu pazia la mlangoni. Nilikuwa naona ncha ya nguo yake nyeupe chini ya pazia na vidole vya miguu yake. Banda la Fundi liko hapohapo mbele ya nyumba, kando ya barabara, limefungwa kwa kamba tu. Kwa upenyo niliiona keria yangu bado iko kwenye msumari wake.

Nikatoa pole. Akaitikia tumshukuru Mungu. Kuku akapita.

"Mama yako ameniambia hukuona," akasema kutoka ndani.

Hapo ndipo palikuwa pa kusema ndiyo. Njia ilikuwa imeshafagiliwa, kazi yangu ilikuwa kupita tu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, na mimi niliuona mwisho wake pale pale: ningesema ndiyo, angesema tumesamehe, ningepanda ndege Alhamisi, na kila nitakapofunga macho kwenye kitanda cha nchi ya watu ningewaona wanaume wamesimama kwenye majani na mzigo ule mabegani wakinisubiri nimalize. Nikafungua mdomo.

"Niliona, mama. Niliona nikapita."

Nikasikia Mama akivuta pumzi kule ndani.

Ile ncha nyeupe ikasogea chini ya pazia. Nikadhani ameondoka, lakini vidole vya miguu vilikuwa palepale.

"Ulikuwa unawahi wapi?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Nikaanza kueleza kipimo, dakika ishirini, kocha, majina mawili. Nikajisikia ninavyoongea. Nikaishia kusema ukweli wa kijinga, kwamba nilikuwa siwahi popote, kwamba ukimaliza dakika unageuza unarudi ulikotoka.

"Alaa," akasema. "Basi." Halafu akaongeza, "Yeye angekuuliza kama ulipata hicho ulichokuwa unapima."

"Nilipata, mama."

Hapo nililia. Niseme tu. Nililia barazani kwa watu, mchana, na bukta ya kubana.

Hakuniambia nyamaza, hakuniambia amenisamehe. Aliposikia nimetulia akaniuliza kama narudi Nachingwea leo. Nikasema ndiyo. Akamwita binti yake, Mwanahawa, akamtuma bandani. Mwanahawa akarudi na ringi ya baiskeli, ya nyuma, imenyooshwa, spoki mbili mpya zinang'aa katikati ya zile za zamani. Ilikuwa ya Athumani, muuza samaki wakavu wa Nachingwea. Fundi aliimaliza siku moja kabla ya kufariki. Kazi zote za wateja zilizokuwa bandani zimeshachukuliwa na wenyewe, Bi Somoe akasema, isipokuwa hii ya mbali.

"Ni amana. Haitakiwi ikae humu na mwenye banda hayupo. Nilitaka kumpa mwingine aipeleke." Akakohoa kidogo. "Ungeniambia hukuona, ningempa huyo mwingine."

Mama akatoka kwa mlango wa uani akaenda zake. Hakuniaga. Nilimwona mgongo tu, na ile kanga aliyoifunga kwa ajili yangu.

Baiskeli yangu haina mahali pa kufunga kitu. Keria ile ya msumarini ingekuwa hapo, lakini fremu ya kaboni haina hata tundu la nati. Mwanahawa akakata ukanda wa tyubu kuukuu, akanifunga ringi mgongoni kama mtoto. Akaivuta kuona imekaza, akasema, "Usiende mbio, itapinda." Ndiyo sentensi pekee aliyoniambia.

Basi nikaenda polepole. Sijawahi kwenda polepole hivyo tangu enzi za ufuta. Karibu na makaburini, pale nilipolipita jeneza, nikashuka. Nikatembea kwa miguu kipande chote kile, kutoka mti wa kwanza mpaka njia inapoingia kwa wafu, nikiwa na ringi mgongoni na viatu vinagonga. Hakuna aliyekuwepo kuona. Nilimsomea Fatiha nikiwa nimesimama kwenye majani yaleyale waliyosimama wao. Nikapanda, nikaendelea.

Ruangwa mjini vijana wa kijiweni waliniona. Mmoja akafungua mdomo kunitania, kisha akaiona ringi.

"Mpishwa, hiyo vipi tena?"

"Ya mteja wa Fundi Bakari. Naipeleka Nachingwea."

Akamtazama mwenzake. "Poa," akasema. "Mwendo mwema." Hakuna zaidi ya hapo, lakini mwendo mwema sikuwa nimeusikia kwa wiki mbili. Mbele zaidi mzee mmoja aliyekuwa na bomba la dawa mgongoni, uso wote njano kama amepakwa liwa, aliniuliza naye, nikamjibu vilevile. Mgongo uliniuma. Spoki zilikuwa zinanichoma kwenye mbavu kila nikiinama, kwa hiyo nikaendesha nimekaa wima kama mwalimu mkuu, saa tatu na zaidi. Nikiwa njiani kocha aliandika mara mbili. Nilisikia simu ikitetemeka mfukoni, sikuitoa.

Athumani nilimkuta sokoni anafunga matenga. Aliipokea ringi, akaizungusha hewani mbele ya jicho lake, akatabasamu.

"Huyu mzee hana mfano. Ijumaa nitafika kwake mwenyewe nimshukuru."

Hakuwa na habari.

Nikamwambia. Ilibidi niwe mimi. Akaitua ringi chini taratibu sana, akasema inna lillahi, akakaa juu ya tenga. Akauliza ilikuwa lini, aliumwa nini, ameacha watoto wangapi. Kisha akaniuliza swali ambalo nilikuwa nalikimbia.

"Wewe ulimzika?"

"Hapana," nikasema. "Sikumzika."

Akatikisa kichwa. "Basi tumemkosa wote wawili." Akanisogezea upande wa tenga, nikakaa. Hakunijua mimi ni nani, hakujua nilifanya nini, na sikumwambia, nguvu zilikuwa zimeniishia. Tulikaa hivyo mpaka mwenzake alipomwita. Akainuka, akabeba ringi yake, akaenda. Nami nikaisukuma baiskeli mpaka hapa.

Kocha ameuliza vipande vitano viko wapi. Anasema mashine imeonyesha siku nzima ya mtu anayetembea na watoto. Anasema timu haipendi mshangao wiki ya mwisho na yule kijana mwingine bado yuko tayari. Huenda ananitisha, huenda hanitishi. Nitamjibu kesho, na nitamweleza, ingawa sijui "amana" nitaiandikaje kwa Kiingereza changu. Nafasi niliyoipata dakika zile ishirini naitaka bado. Naitaka sana, siwezi kudanganya, hasa leo. Kama ni kwenda nitakwenda, na arobaini ya Fundi itanikuta mbali, kwenye nchi ambayo nikipita hakuna atakayejua nilikotoka.

Na Mama ameondoka bila kuniaga. Hilo ndilo nililolibeba tangu saa saba mchana, ringi ilikuwa nyepesi.

Nilipofika sentensi hiyo nilikuwa nataka kufunga andiko. Nimeshaandika kwamba ukweli umeniacha peke yangu zaidi ya uongo, nikafuta, nikaandika tena. Simu ikalia. Namba siijui. Meseji inasema:

"Ni Mwanahawa. Mama yako yupo hapa kwetu amekaa na mama. Anauliza umefika?"

Nimefanya mazoezi kwenye barabara hizi miaka mitatu. Nimekwenda na kurudi mara ambazo siwezi kuzihesabu, na kwa kuwa nilikuwa siendi popote, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nimeandika, Nimefika, ringi imefika. Nikaongeza kwamba Athumani anatoa pole. Nikatuma. Nikaiweka simu juu ya goti, nikasubiri, huku nikijiambia kwamba limeishia hapo, kama zile salamu za barabarani.

Imelia tena.

"Anauliza umekula?"

Sijala. Nitamjibu sasa hivi. Kwanza naitazama meseji yake kidogo.